Banda la ngumi Kirumba: filamu kwanza, halafu pambano lenyewe

Kama unapenda ngumi na uko Mwanza, Jumamosi jioni nenda kwenye banda la video lililo upande wa juu wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kwenye kichochoro cha wauza nyavu. Kiingilio shilingi 1,000. Kwa pesa hiyo unaangalia filamu ya bondia maarufu, na ikiisha mwenye banda hazimi projekta. Anaweka pambano lenyewe, lile la kweli, na picha zake chakavu, watu wanalinganisha kwa macho yao. Kibanda umiza kingine kinachofanya hivyo hapa mjini sikijui.

Mimi nafundisha vijana ngumi kule Igogo. Wengi wanakuja kwangu wakiwa wameshafundishwa na filamu: mikono iko kiunoni, ngumi inatokea nyuma ya sikio, na wanaamini kabisa kwamba steringi lazima achakazwe kwanza ndipo apandishe hasira ashinde. Ulingoni ukichakazwa hivyo mwamuzi anakatisha pambano. Asipokatisha, unaamkia hospitali. Ndiyo maana filamu kusema kweli au kusema uongo silichukulii kama jambo la kupitisha muda kijiweni.

Niliyoifurahia kuliko zote ni Ali, filamu ya bondia Muhammad Ali ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Michael Mann. Nilikwenda na wasiwasi juu ya Will Smith, anayemwigiza Ali, maana sura yake tumeizoea kwenye vichekesho. Wasiwasi uliisha mapema. Usoni hafanani sana na Ali, lakini mguu wake wa mbele unafanya kazi ya Ali: unagusa chini kidogo, unaondoka, na ngumi ya kushoto inatoka mguu unapotua. Hilo halipatikani kwa mazoezi ya wiki mbili. Halafu angalia waliochaguliwa kuwa wapinzani wake. Joe Frazier ni James Toney, Sonny Liston ni Michael Bentt, George Foreman ni Charles Shufford. Wote watatu ni mabondia wa kulipwa. Toney alikuwa bingwa wa dunia katika uzito zaidi ya mmoja, na Bentt aliushika mkanda wa dunia wa uzito wa juu wa WBO, moja ya mashirikisho ya ngumi, mwaka 1993. Mtu wa namna hiyo akirusha ngumi nyonga inatangulia, bega linafuata, na anayerushiwa anajikinga kwelikweli. Mwigizaji anayecheza na mwigizaji mwenzake mara nyingi unamwona anasubiri zamu yake ya kuanguka.

Sehemu ya Kinshasa, pale Ali alipopigana na Foreman, waliipigia picha Maputo, na kwa mtu wa huku haikosi kumgusa: jua ni la kwetu, vumbi ni la kwetu, watoto wanaokimbia nyuma ya Ali ni watoto wa Kiafrika wa kweli. Ilipoisha, mwenye banda akaweka pambano la tarehe 30 Oktoba 1974. Kengele ya kwanza ililia karibu saa 10 alfajiri kwa saa za Kinshasa, ili Wamarekani waangalie usiku wao. Hapa Mwanza ilikuwa kama saa 12 asubuhi, wavuvi wanashusha samaki. Ali ana miaka 32. Foreman ana 25, mapambano 40 hajapoteza hata moja, 37 kamaliza kwa nokauti.

Kwenye raundi ya 5 mwenye banda akasimamisha picha, nami nikawaita vijana wangu wasogee ukutani. Mgongo wa Ali uko kwenye kamba na kifua kimeegemea nyuma hadi kichwa kimetoka nje ya ulingo. Glavu zimebana mashavu, viwiko vimefunga mbavu. Ngumi za Foreman zinaishia kwenye mikono. Filamu imelionyesha hilo vizuri, ila ukiona la kweli ndipo unaelewa lilivyochukua muda, raundi baada ya raundi, na jinsi Foreman anavyozidi kupumua kwa mdomo. Halafu raundi ya 8: Foreman anageuka akienda chini, na mkono wa kulia wa Ali uko juu tayari kumwongezea. Hakuurusha. Picha ile niliomba irudiwe, akairudisha bila kinyongo.

Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango alilalamika kwamba filamu inaishia 1974, kwa hiyo haifiki mwaka 1980, Rais Carter wa Marekani alipomtuma Ali Dar es Salaam kuwashawishi Watanzania wasusie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye. Nakubaliana na mzee. Hiyo peke yake inatosha filamu nzima.

Sasa niseme kinachonikera kwenye filamu hizi, na banda hili ndilo lililonisaidia kukiona wazi. Uongo mkubwa hawausemi kumhusu steringi. Wanamsukumia mpinzani.

Chukua Cinderella Man ya 2005. Wabeba mizigo wa Mwaloni waliipenda mpaka machozi, na wana haki. James Braddock, bondia aliyevunjika mkono wa kulia, anabeba mizigo bandarini New Jersey kwa mkono wa kushoto mpaka huo wa kushoto unapata nguvu aliyokuwa hana. Hilo ni kweli. Msaada wa serikali aliopokea wakati wa njaa akaurudisha. Hilo nalo ni kweli. Russell Crowe anamvaa Braddock vizuri mno, amejikondesha, macho yamechoka. Lakini Max Baer, mpinzani wake! Wamemfanya shetani. Anajigamba kuwa ameua watu ulingoni, anamtania mke wa Braddock hotelini kwamba atakuwa mjane. Baer wa kweli alikuwa mtu wa mizaha na starehe, na Frankie Campbell alipofariki mwaka 1930 baada ya kupigana naye, kifo kile kilimsumbua miaka mingi. Alifariki 1959, hakuwepo kujitetea. Ikabidi mwanawe aseme hadharani kwamba baba yake amechafuliwa. Pambano lenyewe la Juni 1935 ukiliangalia baada ya filamu, unamwona Baer anacheka, anachezacheza, anapoteza kwa pointi baada ya raundi 15. Banda lilinyamaza kidogo hapo. Adui waliyekuwa wanamzomea saa nzima hayupo kwenye picha.

The Hurricane ya 1999 imefanya kosa la namna hiyohiyo. Denzel Washington alikuwa ameshapita miaka 40, anamwigiza bondia Rubin Carter wa miaka 27, na bado mwili ule unakubalika; alijituma. Kifungo cha Carter kwa kesi ya mauaji kilikuwa dhuluma, jaji wa Marekani akamfungulia mwaka 1985, na sina neno hapo. Ila pambano lake na Joey Giardello la Desemba 1964 limeonyeshwa kama Giardello kapigwa vibaya, halafu majaji wakampa ushindi kwa sababu ni mzungu. Waandishi wengi waliokuwa kando ya ulingo waliona Giardello kashinda kihalali. Giardello alikuwa hai filamu ilipotoka, akawashtaki, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano. Kwa nini kuiongezea dhuluma ya kweli dhuluma ya kutunga? Mtu akigundua hiyo ya kutunga ataanza kuitilia shaka na ile ya kweli.

Sisi tungepaswa kulisikia hili kuliko wengine, maana mara nyingi sisi ndio mpinzani. Titus Simba wetu alipata medali ya fedha Edinburgh mwaka 1970 kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola. Aliyemshinda fainali ni John Conteh wa Liverpool, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia. Ng'ambo ya ziwa, Ayub Kalule wa Uganda alikuwa bingwa ambaye hajawahi kupigwa mpaka alipokutana na Sugar Ray Leonard kule Houston, Juni 1981. Filamu ya Kalule sijaiona hata moja. Siku Conteh akitengenezewa yake, Simba wetu atatokea dakika ngapi, na atapewa sura gani? Mwaka 2018 Hassan Mwakinyo alikwenda Birmingham akammaliza Mwingereza Sam Eggington raundi ya 2, na kwa watu wa ukumbi ule Mwakinyo ndiye aliyekuwa adui.

Hands of Stone nitaipitia haraka. Mwanamuziki Usher kama Leonard ana tabasamu sahihi na miguu myepesi kuliko nilivyotegemea. Edgar Ramírez ni wa Venezuela na anamwigiza Roberto Durán wa Panama. Vijana walibishana kama ni halali. Mimi naona ni halali, hasira ya Durán ameipata.

Upande wa banda lenyewe, kuna ya kurekebisha. Mabenchi hayana egemeo na filamu ya Ali ina zaidi ya saa mbili na nusu. Umeme ukikatika jenereta linawashwa haraka, ila moshi wake unaingia ndani. Lisogezwe nyuma ya ukuta. Na wiki nyingine anaweka filamu zilizotafsiriwa. Mtafsiri wa nakala niliyoikuta anayafunika kwa sauti yake maneno ya kona, pale kocha anapompa bondia maelekezo, na mahali pengine anatia ya kwake kabisa: mtafsiri huyo alimwita Foreman mnyama mwanzo hadi mwisho. Foreman alifariki Machi 2025, mtu aliyerudi kuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 45. Astahili kuitwa jina lake. Nilimwambia mwenye banda, akasema, "Kocha, wateja wengine Kiingereza hawakisikii." Ana hoja, kwa hiyo nimemwomba jambo moja dogo: apunguze sauti ya mtafsiri raundi zinapoanza, ngumi zinajieleza zenyewe.

Ratiba anaiandika kwa chaki ubaoni kila Alhamisi, jina la filamu, mwaka na pambano litakalofuata. Mlango unafunguliwa saa 12 jioni. Nimeshaomba Raging Bull, filamu ya bondia Jake LaMotta, na mapambano yake na Sugar Ray Robinson yakipatikana yafuate papo hapo. Mwenye mtoto anayefanya mazoezi amlete, na akae mbele upande wa kushoto, nguzo ya kulia inaziba kona nzima ya ulingo.