Corolla ya zamani kwa shilingi milioni mbili: nini kinunuliwe kwanza, na kipi kiwe kipya au mtumba

Wenye magari ya namba A na B hapa Arusha wanajua hesabu ilivyo. Kuagiza gari jingine kutoka Japani kunagharimu bei yake, usafiri, ushuru, na nyongeza ya uchakavu kwa magari yaliyozidi umri, kwa hiyo wengi wetu tunaamua kulirudishia hali gari tulilonalo. Uamuzi huo ni mzuri, lakini mara nyingi fedha huanzia mahali pasipostahili: gari linapigwa rangi, linawekewa rimu za kung'aa na vioo vyeusi, kisha linachemsha pale Kikatiti likiwa limependeza sana.

Mwongozo huu unapanga manunuzi kwa mtu mwenye Corolla 110, Carina Ti au gari la rika hilo, aliye na takribani shilingi 2,000,000 na anayesafiri kati ya Arusha na Moshi mara kwa mara. Nimeyapanga manunuzi kwa kufuata kanuni moja iliyonigharimu fedha kabla sijaielewa: chuma kizima kinavumilia umri, ilhali mpira, plastiki na kila kinachosuguana havivumilii. Spea ya mtumba kutoka Japani inaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei ya chini iwapo ni mlango, diski ya breki, rimu, kono la mbele (mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu) au hata gia boksi. Iwapo ni kitu chenye mpira ndani yake, miaka iliyokaa kwenye gari la kwanza tayari imekwisha kulipwa na mtu mwingine, na wewe unanunua masalio.

Nafasi ya kwanza naipa matairi, hata kama yatakula theluthi ya bajeti. Kila tairi hugusa lami kwa eneo lisilozidi sana ukubwa wa kiganja, na uwezo wote wa kusimama na kukata kona unapita hapo. Kabla ya kwenda dukani, fungua mlango wa dereva usome kibandiko kinachotaja saizi na upepo, kwa sababu saizi iliyo kwenye gari lako sasa huenda ilichaguliwa na mmiliki wa tatu kwa kuwa ndiyo iliyopatikana siku hiyo. Kisha, ukiwa dukani, tafuta ubavuni mwa tairi maandishi yanayoanza na herufi DOT na usome tarakimu nne za mwisho. Tairi lililoandikwa 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama muuzaji analiita jipya kwa kuwa halijawahi kufungwa kwenye rimu. Mpira hukauka ukiwa rafuni pia, na mimi silinunui tairi jipya lililopita miaka mitatu tangu litengenezwe.

Chaguo bora ni matairi manne mapya ya kampuni ya wastani, yote ya aina moja. Usilazimike kununua jina kubwa. Tairi la wastani lenye tarehe ya karibuni ni bora kuliko tairi la jina kubwa lililozeeka. Chaguo la pili, kwa asiyeweza manne, ni mawili mapya pamoja na mawili yaliyobaki yenye kashata (ule mpira wa juu wenye mifereji) ya kutosha. Hapa nitatofautiana na mafundi wengi, ambao hufunga mapya mbele kwa sababu gari linavuta kwa mbele. Mapya yafungwe nyuma. Tairi la mbele likiteleza kwenye mvua, gari huenda moja kwa moja na dereva hulihisi kwenye usukani. La nyuma likiteleza, gari huzunguka kabla dereva hajaelewa kilichotokea.

Matairi ya mtumba ni chaguo la tatu, tena kwa masharti. Yasizidi miaka minne kwa tarehe, yasiwe na kiraka cha ubavuni, na kashata ivizidi kwa mbali vile vinundu vidogo vilivyo ndani ya mifereji, ambavyo kimo chake ni milimita 1.6 na vinapolingana na kashata tairi limekwisha. Sharti lililo muhimu zaidi ni kutafuta neno STUDLESS ubavuni. Hayo ni matairi ya theluji, nayo huja kwa wingi kutoka Japani yakiwa na kashata nene inayovutia macho, lakini mpira wake ni laini kwa makusudi ili ushike barafu. Kwenye joto la Moshi la Januari na Februari tairi hilo huisha kama kifutio cha penseli, na gari huyumba kwenye kona. Chaguo la mwisho, ambalo ningelifuta kabisa kama ingekuwa amri yangu, ni tairi kipara lililochongwa upya kwa kisu cha moto. Yapo matairi ya malori yaliyotengenezwa yachongwe, na huandikwa hivyo ubavuni. Tairi la gari dogo halina mpira wa ziada wa kuchonga, kwa hiyo kisu kinakaribia nyuzi zinazolishikilia.

Nafasi ya pili ni breki. Anayeteremka kutoka Marangu hadi Himo, au kutoka Kibosho hadi mjini Moshi, hukanyaga pedali kwa muda mrefu, na joto la pedi huingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za selsiasi au zaidi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140; DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mapovu, na mapovu hubonyea, kwa hiyo pedali inazama hadi sakafuni wakati gari halisimami. Kununua chupa mpya iliyofungwa ya DOT 4 na kumlipa fundi ayatoe yale ya zamani yote, badala ya kuongezea juu yake, ndiyo matumizi yenye faida kubwa kuliko yote katika mwongozo huu kwa kulinganisha na bei yake. DOT 5 ni kitu kingine chenye silikoni, kisichanganywe na hayo mawili.

Pedi za mbele na shuu za nyuma zinunuliwe mpya, na hapa usifuate bei ya chini. Duka moja liliniuzia pedi zenye boksi zuri ajabu. Ndani ya miezi miwili zilikuwa zimemeguka pembeni kama maandazi ya juzi na zimeikwaruza diski. Tangu hapo naangalia kama maandishi yamechapwa kwenye bamba la chuma la pedi yenyewe, kwa sababu boksi linaweza kuchapishwa popote. Diski, kwa upande mwingine, ni chuma, na ya mtumba inafaa ikiwa unene wake unazidi kiwango cha chini ambacho aghalabu kimechapwa kwenye diski yenyewe. Nenda na kipimo au nenda na fundi mwenye kipimo.

Nafasi ya tatu ni mfumo wa kupoza injini, na hapa mlima unatuhusu moja kwa moja. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni kifuniko cha rejeta, ambacho hushikilia shinikizo. Kifuniko kizima cha 0.9 bar hupandisha kiwango cha kuchemka hapa kwetu hadi karibu nyuzi 116, na kile ambacho mpira wake umekauka hukurudisha kwenye 95, yaani chini kidogo tu ya joto ambalo injini hulifikia ikipanda kilima foleni ikiwa ndefu. Kwa hiyo anza na kifuniko kipya, kisha hosi za juu na chini, kisha themostati, yaani valvu inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Mafundi wengi huitoa themostati na kuitupa kwa madai kwamba ni ya nchi za baridi. Hoja hiyo si sahihi: themostati ya injini hizi hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na bila hiyo injini huchelewa kupata joto kila asubuhi ya Juni, hunywa mafuta zaidi, na oili hubaki na unyevu.

Rejeta inunuliwe mwisho wa orodha hii ndogo, na ikinunuliwa iwe mpya, kwa kuwa vichwa vya rejeta za rika hili ni plastiki na ya mtumba hupasuka kwenye mshono muda mfupi baada ya kupata shinikizo la kweli. Jaza kulanti pamoja na maji yaliyosafishwa ya dukani. Maji yetu ya bomba yamepita kwenye miamba ya volkano na yanabeba madini ambayo hugandamana kwenye njia nyembamba za rejeta.

Shokapu, bushi (mipira midogo ya kwenye maungio) na viungo vya mbele vinachukua nafasi ya nne, na pengine ndipo watu wanapopoteza fedha nyingi zaidi kwa kununua kitu sahihi kwa mpangilio usio sahihi. Gari likigonga mbele kwenye barabara za ndani za Njiro au Ngaramtoni, mwenye gari hukimbilia shokapu. Mara nyingi kinachogonga ni linki za stabilaiza (vyuma vifupi vya ile fimbo inayozuia gari lisilale kwenye kona) au bushi za kono, ambazo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya shokapu. Mwambie fundi ainue gari, atikise kila kiungo kwa nondo mbele ya macho yako, na anunue kilichokufa peke yake. Bushi zote ziwe mpya. Kono la mtumba linafaa kama chuma chake hakijapinda, lakini likija na bushi zake za zamani zitolewe kabla halijafungwa.

Shokapu za mtumba ni biashara kubwa, nami siipendekezi, kwa sababu kinachozuia mafuta yasivuje ndani yake ni sili ya mpira yenye umri uleule wa gari lililokatwa. Nunua mpya kwa jozi, mbele mbili au nyuma mbili, pamoja na maunti za juu, kisha upeleke gari kwenye alaimenti siku hiyo hiyo. Bila alaimenti, matairi mapya ya nafasi ya kwanza yataliwa upande mmoja kabla ya vuli.

Wengi wataniuliza kuhusu spesa, vile vipande vinavyoongezwa kwenye springi au shokapu ili kuinua gari. Naelewa hamu hiyo, kwa kuwa masika yakikolea, njia za vihamba vya Machame na Uru hazina huruma kwa gari la chini. Spesa ndogo zinavumilika. Zikiwa ndefu, shafti za mbele zinafanya kazi zikiwa zimepinda kuliko zilivyokusudiwa, mipira yake inapasuka, vumbi linaingia, na baada ya muda unasikia kile kilio cha tak-tak-tak unapokata kona.

Mkanda wa taiming nimeuweka nafasi ya tano kwa sababu moja tu: katika injini ya 4A-FE, mojawapo ya zilizofungwa kwenye magari haya, mkanda ukikatika, gari huzimika lakini valvu hazigongani na pistoni. Unabaki njiani ukiwa na hasira, na injini yako inabaki nzima. Ubadilishwe kila kilomita 100,000, na kwa kuwa namba ya dashibodi ya gari lililopita mikono minne si ya kuaminika, ubadilishe kama huna uhakika ulibadilishwa lini. Mwenye injini ambayo valvu zake hugongana na pistoni aupandishe mkanda hadi nafasi ya kwanza bila kubishana nami.

Betri iwe mpya, daima, lakini ipimwe kwanza iliyopo: injini ikiwa imezimwa usiku kucha isome karibu volti 12.6, na ikiwa inaunguruma isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikisoma chini ya hapo injini ikiwa inaunguruma, tatizo liko kwenye altaneta au mkanda wake, na altaneta ya mtumba inafaa kabisa.

Wapo wanaotaka nguvu zaidi na wanafikiria injini nyingine. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo sehemu ya uzito unaoulalamikia unatokana na mwinuko, na hata injini mpya itaupata. Badili plagi na chujio la hewa, safisha thrato (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini), kisha uamue. Ukiamua kubadili injini bado, kumbuka kwamba namba yake imo kwenye kadi ya gari, na mabadiliko hayo yanapaswa kufika TRA. Rangi nayo imeandikwa humo.

Kilichobaki kinunuliwe kwa chenji. Taa zilizopata ukungu wa manjano husafishwa kwa msasa laini na maji, kuanzia namba 800 hadi 2000, wala hakuna haja ya taa mpya. Bodi inyooshwe pale tu kutu inapokula chuma. Redio ya Kijapani inasikiliza masafa ya FM kuanzia 76 hadi 90, ndiyo sababu stesheni zetu nyingi haziingii hata ufanye nini na antena. Kuna kifaa kidogo cha kubadili masafa kinachofungwa nyuma yake, nacho ni nafuu kuliko redio mpya. Kwenye gari langu sijakifunga bado. Fedha yake ilikwenda kwenye linki za stabilaiza, na kwa sasa nasafiri hadi Boma Ng'ombe nikisikiliza kama kuna kinachogonga.