Walinikataza kuhesabu kurasa, wakaniuzia Krismasi isiyo na katikati

Nilianza na nyota moja. Na hata hiyo ilikuwa ya kitabu, si ya duka wala ya mtu aliyeniuzia.

Duka lenyewe silitaji. Liko huku Ohio ninakoishi, linauza vitabu vya zamani, na kila Desemba ikikaribia wanajaza meza ya mbele kwa vitabu vya katuni vya Krismasi. Nimevikusanya kwa miaka kadhaa sasa. Nimekulia Kenya nikigombania gazeti la Taifa Leo na kaka zangu kwa sababu ya katuni ya Juha Kalulu, kwa hiyo mtu akiniambia katuni ni mambo ya watoto, tunakosana papo hapo.

Nilichokuwa nakitafuta ni Santa Claus Funnies ya mwaka 1947. Kampuni ya Dell iliitoa ndani ya mfululizo wake wa Four Color, na hii ni namba 175. Wakusanyaji wengi wanaipita tu. Wao wanakimbilia namba 178, ya Krismasi hiyo hiyo, kwa kuwa humo ndimo mchoraji Carl Barks alimleta Scrooge McDuck, yule bata tajiri, kwa mara ya kwanza, na bei yake leo si ya mtu wa mshahara. Nawaachia. Namba 175 ina mkono wa mchoraji Walt Kelly, kabla katuni yake ya Pogo haijaingia magazetini mwaka 1948 na kumpa umaarufu. Ukiutazama mstari wake unaiona brashi ikinenepa na kukonda, na theluji ya Kelly inakutia baridi hata kama umekaa karibu na hita.

Basi siku hiyo nikaiona, imefungwa kwenye plastiki, juu yake kuna kikaratasi: kamili, dola 60. Nikamwomba yule bwana wa kaunta anifungulie nihesabu kurasa. Kila anayenunua vitabu hivi anajua kwa nini. Karatasi ya katikati inashikwa na pini mbili tu. Pini zikishika kutu, kutu inakula karatasi pembeni mwa tundu, na siku moja ile karatasi inachomoka yote. Karatasi moja iliyokunjwa katikati ikitoka, umepoteza kurasa nne. Kwa nje huoni kitu. Jalada linang'aa vilevile.

Hakunijibu kuhusu kurasa. Alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, akauliza, “Kwani hela ya kukinunua unayo?”

Nyuma yangu kulikuwa na watu wawili wanangoja. Nilihisi masikio yanawaka. Mbele yangu palikuwa na mteja mwingine ambaye alifunguliwa vitabu vitatu, akavinusa, akavirudisha, hakununua hata kimoja! Yeye hakuulizwa hela. Kule Columbus, kwenye maktaba ya katuni ya Billy Ireland ya Chuo Kikuu cha Ohio State, niliwahi kuletewa mezani vitu vya thamani kuliko duka zima hilo, nikavifungua kwa mikono yangu hii hii, bila senti.

Nilipaswa kuondoka. Sikuondoka. Nililipa, kwa sababu kitabu nilikitaka na kwa sababu nilitaka aone hela inatoka. Hilo la pili linaniuma mpaka sasa.

Usiku nikaketi na binti yangu, miaka saba, tukakifungua polepole. Harufu ile ya karatasi kuukuu, kingo za kahawia, rangi nyekundu bado iko hai. Anasoma yeye, mimi nashikilia. Tukafika katikati. Sentensi haikuendana na ile iliyotangulia. Akarudi nyuma, akasoma tena. “Baba, hapa pamerukwa.” Nikatazama zile pini: kutu, na pembeni mwake vipande vidogo vya karatasi vilivyobaki. Kurasa nne hazipo.

Kesho yake nikarudi na risiti. Yule bwana akaniambia mali ikishauzwa hairudi. Nikamwonyesha kikaratasi chake mwenyewe chenye neno “kamili”. Akasema watu wananunua jalada, nani anazisoma hizo hadithi? Sikuwa na la kumjibu ambalo lingefaa kuandikwa. Wakati huo ningetoa nyota sifuri kama ingewezekana.

Lakini lazima niseme na lililofuata, maana haki ni haki. Nikiwa nje natafuta funguo za gari, mzee mmoja anayefanya kazi stoo akanifuata. Akaniambia nije siku fulani ambayo mwenzake hayupo. Nikaenda. Akanitolea sanduku la karatasi zilizochomoka kwenye vitabu mbalimbali, akaniacha nitafute. Nilipekua karibu saa nzima, magoti chini. Ikaonekana. Si ya kitabu kingine, ni ile yenyewe: nilikuwa nimebeba kitabu, nikailaza katikati, alama za kutu zikaangukia sawasawa kwenye pini, na vile vipande vilivyobaki vikaziba mapengo. Mzee hakutaka hela. Alisema tu, “Msomee mtoto.”

Nilitoka pale nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata dukani, na nikaamua kubadilisha maoni haya yawe nyota nne. Niliyaandika hata nusu.

Kisha nikafikiria tena. Karatasi ilikuwa humo humo dukani. Mtu aliiona imeanguka, akaitupa sandukuni, akafunga kitabu kwenye plastiki na kuandika “kamili”. Ndiyo maana hakutaka nihesabu. Sasa najiuliza ni watu wangapi wamepeleka nyumbani Krismasi za kurasa pungufu, huku zilizobaki zimelala stoo.

Kwa hiyo nyota mbili, na zote mbili ni za mzee. Kurasa zile nne ni nyeupe kidogo kuliko nyingine kwa kuwa zimekaa gizani. Binti yangu amezisoma mara tatu tangu juzi.