Boksi la CD za Jamaika ya kabla ya rege: mento ndiyo iliyonilipa

Niseme mapema: kama unachotafuta ni ska na rocksteady tu, miziki miwili ya Jamaika iliyoitangulia rege, tunza hela yako. Nyimbo nyingi za CD ya pili na ya tatu unazipata bure mtandaoni, tena kwa sauti safi zaidi. Kilichofanya nisijutie boksi hili ni CD ya kwanza, ile ya mento, muziki ambao wapenzi wengi wa rege huku kwetu hata jina lake hawalijui.

Mento ni muziki wa mashambani Jamaika: banjo, gita kavu, manyanga, na kwa chini sanduku kubwa la mbao ambalo wenyewe huliita rumba box. Mpigaji hulikalia, akadonoa kwa vidole ndimi za chuma zilizofungwa mbele ya tundu. Weka spika za masikioni usikilize: chuma kinatetemeka kidogo kabla sauti haijatulia. Mimi nikaikumbuka limba ya Wagogo papo hapo, na wala sikukosea njia, maana sanduku lile ni la ukoo wa limba. Ni ufundi waliovuka nao bahari Waafrika waliouzwa utumwani. Hapa ndilo besi. Juu yake banjo inachapa kati ya pigo na pigo, na sikio lililolelewa na rege linatambua mara moja ile mikwaruzo ya gita ilikoanzia.

Maneno ya nyimbo nayo, lo! Aliyezoea mafumbo ya taarabu hatapata shida kujua kinachosemwa hapo si mboga wala kitanda kipya.

Rekodi za aina hii zilianza kutoka Kingston mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa mfanyabiashara Stanley Motta, na nyingi zilibandikwa jina la kalipso, kwa kuwa kalipso ya Trinidad ndiyo watalii waliyoijua. Hata Harry Belafonte, mwimbaji wa Marekani ambaye mama yake alikuwa Mjamaika, albamu yake ya 1956 iliitwa Calypso, wakati ule wimbo wa wapakia ndizi uliompa umaarufu ni wa Jamaika.

CD ya pili, ile ya ska, ina kitu kimoja tu nilichokirudia mpaka majirani wakanichoka: Oh Carolina ya Folkes Brothers, ya karibu mwaka 1960. Mtayarishaji Prince Buster aliwaingiza studio Count Ossie na wapiga ngoma wake wa Kirasta, enzi ambazo Marasta walikuwa wakidharauliwa hadharani. Ngoma ziko mbele, waimbaji kama wako chumba cha pili. Fundi wa leo angezipunguza, na angeharibu.

Sasa kijitabu cha maelezo kilichomo ndani ya boksi. Hakina jina hata moja la mpigaji! Kwa muziki huu hilo ni kosa la kukata marupurupu, maana kundi dogo la watu wale wale ndilo lililopiga nyuma ya waimbaji karibu wote, wengi wao wakiwa wamefunzwa tarumbeta na tromboni kwenye shule ya Alpha, ya masista wa Kikatoliki pale Kingston. Tromboni ikilia unataka kujua: ni Don Drummond au Rico Rodriguez? Wote walipita Alpha. Wenye madisko ya mitaani wa miaka ya 1950 walikuwa wakikwangua lebo za santuri za Marekani ili washindani wasijue wimbo ni wa nani. Mmoja wao, Coxsone Dodd, alitamba na santuri ya Mmarekani Willis Jackson akiiita Coxsone Hop, mpaka mshindani wake Duke Reid alipoigundua naye akaipiga. Wale walikuwa na sababu ya kibiashara. Hawa waliotengeneza boksi wanamficha nani?

CD ya tatu ni rocksteady ya 1966 hadi 1968. Mwendo umepoa, tarumbeta zimepungua, besi imepata nafasi, na gita la Lynn Taitt, mtu wa Trinidad, linaifuata besi noti kwa noti. Muziki mtamu, ila uchaguzi ni wa kivivu, zile zile za kila mkusanyiko.

Kasha lilinifikia limepasuka kona, CD zenyewe nzima. Nyota tatu. Ukikuta mtu anauza ya kwanza peke yake, hata ya mtumba, usimwachie.