Kwenda Kolwezi kutafuta kazi, au kubaki Lubumbashi kujifunza kuchomelea vyuma?

Kolwezi iko kilomita 300 hivi, barabara ya Likasi. Migodi ipo, lakini ajira nyingi hupitia kampuni ndogo za mkataba mfupi, na ukiisha unaanza tena. Wengi hurudi kwa sababu ya nyumba: mwenye nyumba hudai garanti, yaani pesa ya dhamana, ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Kwa hiyo usiende bila ndugu wa kukupokea na akiba ya chakula cha miezi miwili, pamoja na nauli ya kurudi. Anayekuomba pesa "akuingize kazini", mkimbie.

Kubaki ni polepole. Kuna INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya ufundi, kuna na karakana za mtaani. Umeme ukikatika, somo limekwama. Baguette (vijiti vya kuchomelea) zenye unyevu huacha vitundu kwenye mshono, na mwanafunzi hudhani mkono wake ndio mbaya.

Mwenye woga wa kuzungumza namshauri abaki kwanza ajifunze. Kampuni nyingi humpima mchomeleaji kwa vitendo: unapewa vipande viwili vya chuma, maneno ni machache. Ya kusema, andaa sentensi tatu za Kifaransa: jina, ulichojifunza, unachoweza kutengeneza.