Kamera Isiyo na Pua: Lenzi ya Canon ya Milimita 24 Ndani ya Mji Mkongwe

Kazi yangu ni harusi, Dar es Salaam, na kwenye harusi nabeba lenzi nzito ambazo mgeni akiziona tu anajiweka sawa. Nikivuka kwenda Unguja kupumzika sibebi hata moja. Kwenye kamera yangu ya zamani, Canon 700D, nafunga ile lenzi bapa ya Canon, EF-S 24 mm f/2.8 STM, na haitoki hapo mpaka narudi bandarini. Ina gramu 125 na unene usiofika sentimita mbili na nusu. Ilitoka mwaka 2014. Yangu niliinunua mtumba.

Niseme mapema: anayetaka majumba ya ufukweni yaingie mazima na anga juu yake, atafute nyingine. Hii ni lenzi ya vichochoroni, na hata huko ina masharti yake.

Kwa sababu kihisi cha kamera hizi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ni kidogo, milimita 24 inaona kiasi kile kile ambacho 38 ingeona kwenye kamera za kihisi kikubwa. Njia rahisi ya kupima ni hii: ukiisimamisha kamera wima, kimo kinachoingia kwenye picha kinapungua kidogo tu kuliko umbali uliosimama. Ukiwa mita tatu kutoka mlangoni, unapata mita mbili na robo tatu hivi. Sasa nenda mitaa ya Hurumzi au Kiponda, utafute mlango mkubwa wa nakshi wenye tao juu. Mlango unapita kipimo hicho, na kichochoro chenyewe huenda hakina hata hizo mita tatu. Unarudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta wa jirani, na tao bado limekatika. Wengi hapo huinua kamera, na picha inatoka na mlango uliolala kwa nyuma. Kuunyoosha baadaye kwenye programu kunawezekana, ila kunakula pembe za picha. Kwa mlango mzima, ile lenzi ya milimita 18-55 inayouzwa pamoja na kamera inaishinda hii, kwa sababu hiyo 18 yake inaona upana zaidi.

Mimi nimeacha kuwinda milango mizima. Picha hizo ziko kwenye kila kadi ya posta. Lenzi hii inashika fokasi mpaka sentimita 16, kwa hiyo nasogea: msumari mmoja wa shaba ulioliwa na chumvi, mnyororo uliochongwa kwenye fremu, mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, uliong'azwa na viganja vya watu wanaoingia na kutoka. Hapo sijapata sababu ya kulalamika. Nakshi inatoka kali, na nyuma kichochoro kinayeyuka kiasi cha kutosha.

Mwanga ndio watu wanaokosea kuuelewa. Utaambiwa upige alfajiri na jioni. Ufukweni, sawa. Ndani ya mji, alfajiri ni giza la bluu tu, jua liko kwenye mapaa. Saa yangu ni kuanzia saa tatu hadi saa nne na nusu asubuhi: ghorofa za juu za upande mmoja zinawaka, chokaa inarudisha mwanga upande wa pili, na chini unapata mwanga laini usio na vivuli vikali. Ikifika saa sita unashuka mstari mwembamba wa jua katikati ya njia, na kamera haiwezi kubeba jua na kivuli kwa pamoja. Napunguza mwanga stopu moja, yaani nusu, naacha baraza zipotee kizani, nasubiri mtu apite kwenye ule mstari.

Hapo f/2.8, yaani tundu pana la kupitisha mwanga, inasaidia: namba ikiwa ndogo, mwanga ni mwingi. Ile 18-55 ikifika milimita 24 inakuwa karibu f/4, yaani nusu ya mwanga. Kweli, hii haina kizuia mtikisiko. Lakini jioni pale bustani ya Forodhani, muuza mishikaki hatulii, na kizuia mtikisiko hakimtulizi mtu, kinatuliza mkono wako tu. Napiga kwa kasi ya 1/60 ya sekunde, napandisha wepesi wa kihisi hadi ISO 3200, nakubali chenga kwenye picha.

Faida kubwa kuliko zote haimo kwenye karatasi ya vipimo. Nilikaa kwenye kijiwe cha kahawa cha Jaws Corner na kahawa chungu, kamera mapajani. Mzee aliyekuwa akisubiri zamu yake ya dhumna akaitazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona kamera yako haina pua?"

Watu wakacheka, mazungumzo yakaanza, na baadaye nikaomba picha ya mikono yake juu ya meza. Akakubali mikono, uso akakataa, tukaishia hapo. Ningekuwa na ile lenzi ya harusi, angegeuka upande mwingine kabla sijasalimia. Na kwa upana huu huwezi kuiba picha ya mtu kutoka mbali hata ukitaka. Lazima umfikie, na ukimfikia itabidi useme neno. Kwa mji ambao wakazi wake wamechoka kupigwa picha kama mapambo, naona ni sawa.

(Ukipita Kenyatta Road, ingia Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, utazame picha za zamani ukutani. Inakupunguzia kiburi.)

Haijazibwa dhidi ya maji wala vumbi, kwa hiyo kwenye boti ikae ndani ya mfuko, na ukitoka ufukweni uifute chumvi. Fokasi yake ni tulivu, si ya kasi. Mtoto anayekimbia na tairi atakushinda. Pete ya fokasi ya mkono inaendeshwa kwa umeme, haifanyi kitu kamera ikiwa imezimwa. Kabla hujatoa pesa, hakikisha kamera yako ya Canon inapokea lenzi za aina ya EF-S: 5D na 6D, zenye kihisi kikubwa, hazipokei kabisa, na zile mpya za familia ya R zinahitaji adapta, ambayo inarefusha tena hiyo pua.