Vijiti vya kupimia umbali: kama unavua karpu usiku anza na hivi

Wadau mnaovua karpu huku Uingereza, hasa nyie wa kukesha ziwani, hivi vijiti nimevitumia msimu mzima sasa acha niviongelee vizuri. Ni viwili tu vya aluminiamu, chini vina ncha ya kuchomeka ardhini, juu kichwa cha plastiki, vinakuja na kamba ya futi 12 na kimfuko. Nimetoa pauni 25. Ukiviona utasema hela imepotea bure, ila kwenye kutupa gizani taa kali na rili (mashine za kukunjia mshipi) za bei mbaya hazifui dafu kwa hivi.

Maziwa mengi ya karpu huku ni mashimo ya zamani ya kokoto, kwa hiyo chini hakuko sawa kabisa, hapa tuta la changarawe, ukisogea kidogo tope au majani matupu. Mchana unatafuta kwa chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) bila ndoana, ikigonga sehemu ngumu unaisikia ko! mpaka kwenye kiganja, kwenye tope inatua kimya. Sehemu safi pengine haizidi ukubwa wa meza ya kulia chakula, sasa usiku utaipigaje hiyo kwa kukisia?

Hapo ndo vijiti vinapoingia. Ukishapata sehemu yako unabana mshipi kwenye klipu ya spuli (kishikizo kidogo kwenye rili kinachozuia mshipi usitoke zaidi), unavuta chubwi mpaka kwako, unachomeka vijiti futi 12 kati yake halafu unazungusha mshipi kijiti hadi kijiti huku unahesabu mpaka klipu igome. Mimi sehemu yangu nzuri ni 18, yaani mara 18 toka kijiti hadi kijiti, kama mita 66 hivi, naandika kwenye simu. Saa nane usiku ukishamrudisha samaki majini unahesabu tena 18, unabana, unatupa, chambo kinarudi palepale. Hata roketi, kile kichupa cha kurusha na kumwagia chambo, naipimia hapohapo.

Ila vijiti vinakupa umbali tu, mwelekeo utafute mwenyewe. Chagua mti mrefu au pengo la miti linaloonekana angani hata usiku, maana kichaka cha ng'ambo giza likiingia kinapotea. Na tumia taa nyekundu ya kichwani, nyeupe inakuua macho halafu unakaa dakika kibao huoni hata huo mti.

Chubwi ikiwa hewani simamisha fimbo, mshipi ukifika kwenye klipu fimbo inapinda inameza ile nguvu, kisha unaishusha taratibu wakati chubwi inazama. Chubwi ikishatua TOA MSHIPI KWENYE KLIPU jamani, karpu mkubwa akikimbia umebana atakata aondoke na ndoana mdomoni, na huyo samaki hakustahili hivyo.

Kasoro zipo. Ncha zinapinda kwenye ardhi ya kokoto, moja yangu tayari imeenda upande. Vile vichwa vinavyosemekana vinang'aa gizani vinang'aa kidogo tu halafu basi, nimevifunga utepe mweupe. Na kamba waliyoweka, wanayosema ni futi 12, ukiipima imezidi, ukitumia peke yako haina shida mradi ni ileile kila siku, lakini jirani akikwambia "mi niko 20" na ya kwake ni futi 12 kamili mtapishana mita kadhaa. Mimi nalaza fimbo yangu chini, ni futi 12 kamili, ndo kipimo. Halafu mshipi wa nailoni unavutika, zungusha kwa mkazo uleule mchana na usiku.

Kwetu Naivasha karpu wapo kibao ila wavuvi kule wanatumia nyavu, mambo ya kuhesabu hawana haja nayo.

Nyota nne kati ya tano. Kama unavua kandokando tu, miguuni pako, usinunue. Ila kama sehemu yako iko mita 40 na kuendelea na unalala ziwani, chukua hivi kabla hujafikiria rili mpya.