Meshroom kwenye jineri za zamani za Busoga: uzoefu wangu

Nimekuwa nikitumia Meshroom kupima majengo ya viwanda vya zamani huku Busoga, mashariki mwa Uganda, hasa jineri za pamba zilizofungwa (viwanda vya kutenganisha nyuzi na mbegu) na maghala ya reli. Programu yenyewe ni ya bure. Unaipa picha za kawaida za jengo, inatafuta alama zinazofanana kati ya picha na picha, inakokotoa kila moja ilipigwa ukiwa umesimama wapi, kisha inakutolea umbo zima la jengo unaloweza kuligeuza upande wowote kwenye skrini. Naipa nyota nne kati ya tano.

Kazi hii inaniuma moyoni. Jinja ilikua kwa pamba. Mbegu aliziingiza Borup wa Uganda Company mwaka 1903, na 1912 ikafunguliwa reli ya kutoka Namasagali hadi Jinja, ambako mzigo ulipakiwa melini kuvuka ziwa mpaka Kisumu. Leo majengo ya enzi hizo yanaezuliwa mabati, vyuma vinauzwa chakavu, na hakuna aliyechukua hata kipimo kimoja. Makaburi ya Kasubi, ya wafalme wa Buganda jijini Kampala, yaliungua Machi 2010, lakini CyArk, shirika la kuhifadhi majengo ya kihistoria kidijitali, walikuwa wameshayapima kwa leza mwaka 2009, kwa hiyo umbo lake lilibaki. Nani amezipima jineri?

Taabu kubwa ni mabati. Migongo yake inafanana mwanzo mwisho, na programu inaweza kudhani bati la kona hii ndilo la kona ile. Yenye kutu ni nafuu, maana kila doa ni alama. Yaliyopakwa rangi juzi ndiyo kazi. Hapo nabandika vipande vya karatasi vyenye michoro tofauti kwa gundi inayobanduka kirahisi. Kila picha nahakikisha imerudia sehemu kubwa ya ile iliyotangulia, na nachagua asubuhi ya mawingu, si jua la saa sita.

Umbo linatoka bila ukubwa halisi. Napima kwa futikamba umbali kati ya alama mbili, nauingiza kwenye CloudCompare, programu nyingine ya bure ya kupima maumbo kama haya, halafu nahakiki kwa umbali mwingine ambao sikuutumia. Usiruke hatua hiyo, vinginevyo una picha nzuri tu. Kwenye jineri moja, nilipokuza kenchi za chuma, zilisomeka herufi za DORMAN LONG, kiwanda cha Middlesbrough, Uingereza, kilichojenga pia daraja la Sydney Harbour. Kutoka sakafuni macho yangu hayakuziona.

Lakini programu haijui jengo lilifanya nini. Ukutani palikuwa na tundu la mraba, nikaliweka kwenye orodha ya ubovu. Mzee mmoja aliyekuwa fundi mitambo pale akanisahihisha: "Hapana, mwanangu. Hapo ndipo ulipopita mkanda kutoka kwenye injini. Hizo boliti chini, injini ilikaa hapo." Tangu siku hiyo narekodi sauti za wazee na kuziunganisha na mchoro, sehemu kwa sehemu.

Nyota iliyopungua ni ya mashine. Ili upate umbo kamili unahitaji kompyuta yenye kadi ya michoro ya NVIDIA, na wengi wetu hatuna. Kazi inakesha usiku kucha; umeme ukikatika, hatua zilizokamilika zinabaki zimehifadhiwa, unaendelea na iliyokatikia njiani. Simu zenye leza ni za haraka, ila zinafika kama mita tano tu: zinafaa mashine na vyumba, si paa la ghala. Droni ingefaa paa, lakini inataka kibali cha mamlaka ya anga.

Wanafunzi wa usanifu na walimu wa historia, anzeni na jengo moja dogo. Picha za awali msizifute hata umbo likishatoka, maana programu za kesho zitatoa bora zaidi kutoka kwenye picha zilezile. Wekeni nakala mahali pawili, na kila faili iwe na jina la kijiji na tarehe.